Pasi Juu ya Joho

Kila Jumamosi joho la mchungaji lilinyooshwa nyumbani kwa kina Kinanda. Mama yake, mwenyekiti wa akina mama kanisani, ndiye aliyelitunza, na dada wa kazi ndiye aliyelipiga pasi. Dada hakuligusa kwa pasi kamwe kabla ya kulifunika kwa kitambaa kibichi, maana lilikuwa jepesi kuungua. Kinanda, aliyebandikwa jina hilo kwa kupenda kuimba, alikaa pembeni akifanya kazi za shule.

Jumamosi moja Dada alikuwa uani akianika nguo. Mama, kwa haraka zake, akaishika pasi mwenyewe. Mara simu ikalia. Mwanakikundi mmoja wa akina mama wa kanisa alikuwa mgonjwa. Mama akafumba macho, akaanza kumwombea kwa sauti nzito. Pasi akaiacha palepale, kifuani mwa joho. Kinanda aliponusa harufu na kuinua kichwa, doa la kahawia lilikuwa limeshajichora.

Mchungaji alipofika kulichukua, Mama alimwambia bila kupepesa macho kwamba dada wa kazi ni mzembe. Mgeni alipoondoka, akamwamuru Dada akusanye vitu vyake. Dada akajitetea kuwa hakuligusa joho. Akaambiwa asiongeze uongo juu ya uzembe.

Damu ilimchemka Kinanda. Dada alikuwa amemlea miaka mitatu, na akitoka na sifa ile, hakuna nyumba mtaani ambayo ingempokea. Dada alipotokea na mfuko wake, Kinanda akasimama mlangoni na kuuziba.

"Toka hapo, uende mazoezi ya kwaya," Mama alisema.

"Siendi. Siwezi kuimba kwaya moja na wewe."

"Unasemaje?"

"Ulikuwa unaomba huku pasi iko juu ya joho, Mama. Nilikuona." "Unamwombea mgonjwa aliye mbali, halafu huyu anayekupikia unamtupa nje. Mungu gani huyo unayemwomba?"

Mama akainua mkono ampige. Kinanda hakukwepa. Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka taratibu. Mama akajibwaga kitini, akamwomba Dada msamaha.

Dada alikuwa amekasirika kuliko hata Kinanda. "Nimekusikia, mama," alisema. "Lakini hukunichafua hapa ndani tu. Umenichafua kwa mchungaji."

Mama akavaa viatu, wakaongozana wote watatu hadi kanisani, Dada na mfuko wake mkononi. Mbele ya mchungaji na kwaya nzima akasema kwamba aliyeunguza joho ni yeye, na kwamba amemsingizia mtu asiye na kosa. Hakutaja simu wala haraka. Waimbaji wawili wakanong'onezana, akawaacha wanong'one.

Njiani kurudi, Mama alimshika Kinanda bega. "Mwanangu, maombi yangu yanasikika mtaa mzima. Lakini mtu wa kwanza kuuona Ukristo wangu alipaswa kuwa huyu ninayeishi naye. Kama yeye hauoni, basi sina."

"Bado nina hasira na wewe, mama," Dada alisema.

"Una haki," Mama akajibu. Akauchukua mfuko wa Dada, akaubeba mwenyewe hadi nyumbani.