Fundi Alipokosea Kupima

— Inua mikono. Na usivute tumbo.

— Sivuti.

— Unavuta. Mimi ni fundi, usinidanganye.

Nikaliachia tumbo. Mume wangu akazungusha futi yake ya kamba kiunoni mwangu, akasoma, akasoma tena, kisha akapiga magoti pale pale sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa.

— Inchi mbili na nusu zimeongezeka.

— Si useme tu nimenenepa.

— Kunenepa kuna njia yake, mke wangu. Nimepima wanawake miaka kumi na tano. Mtu akinenepa, mikono na mgongo navyo vinajaa. Wewe mikono ni ile ile. Kilichoongezeka ni kifua na kiuno. Na huu mwezi wa tatu sijaona pedi kwenye kabati la bafuni.

Akanitazama huku anacheka, machozi yanamlengalenga. Nami nimesimama mikono juu kama mwizi aliyekamatwa, na ndani yangu hamna kitu. Furaha hamna, hofu hamna. Ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu.

— Bado mapema, nikasema. Usimwambie mtu.

— Mimi? Nimwambie nani?

Mume wangu ana sifa nyingi, ila ya kutunza siri haimo. Mwenye sifa hiyo nyumbani kwetu ni mimi, na ndiyo iliyotaka kunivunjia ndoa.

Sikuwa na mimba, jamani. Nilipima mara mbili, na mara zote mbili ukatoka mstari mmoja.

Miaka mitatu iliyopita nilijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Fundi alikuwa amemshonea nguo saba kwa mkono wake. Tulirudi nazo nyumbani kwenye mfuko ule ule. Watu wakaja, wakasema poleni, mtajaliwa mwingine. Mimi nikaitikia asanteni, na afya iliporejea nikaenda kuchukua vidonge vya uzazi wa mpango. Nikavificha saluni ninakosuka, kwenye droo yangu ya vitana. Kila asubuhi, kabla sijagusa kichwa cha mteja, nameza kimoja. Miaka miwili na nusu.

Fundi yeye alijua tunatafuta mtoto. Kila nikiingia kwenye siku zangu alikuwa ananiletea chupa ya maji ya moto niweke tumboni, na kuniambia:

— Haina neno. Mwezi ujao.

— Mungu akipenda, namjibu. Hebu fikiria mdomo wangu huo.

Kilichonifanya niviache hakikuwa ushauri wa mtu. Nilimkuta anampima mtoto wa jirani sare ya shule. Akamshika mabega, akasoma kipimo, akasahau kumwachia. Kesho yake nikavitupa vyote.

Nilidhani ukiacha leo, kesho mwili umerudi kama zamani. Thubutu! Chunusi za kidevu nilizoagana nazo usichanani zikarudi bila hodi. Kifua kinauma hata shuka likigusa. Tumbo limejaa. Nywele za mbele zinabaki kwenye kitana. Msusi mzima nasuka za wenzangu, zangu zinanikimbia. Na siku zangu, kimya.

Aliyejua ni mmoja tu, msusi mwenzangu, tunamwita Kibiriti kwa sababu ni mdogo na huwaka haraka.

— Shoga, mumeo kapita hapa anapiga mluzi. Kulikoni?

— Anajua nina mimba.

— Unayo?

— Sina.

— Weee! Leo unakwenda kwa nesi, tena sasa hivi. Huyu mteja nitammalizia.

Nesi alinipima mkojo, akanipima presha, akaweka kalamu chini.

— Mimba hamna. Umeacha vidonge lini?

— Hii wiki ya kumi na tatu.

— Na ulipokuwa unameza, siku zako zilikuja kila mwezi?

— Kwa tarehe.

— Ile tarehe ilikuwa ya vidonge, haikuwa yako. Vyenyewe ndivyo vilikuwa vinashika ratiba. Sasa mwili unajifunza kujipangia wenyewe. Kuna anayechukua mwezi, kuna anayechukua mitatu, na kuna anayezidi hapo. Mwezi huu ukipita kimya, rudi tuangalie zaidi. Mumeo anasemaje?

— Anashona gauni.

— Gauni gani?

— La mimba.

Nesi akaniangalia, akafunga daftari.

Sijafika getini simu ikatoa mlio wa ujumbe. Mama mkwe.

"Mwanangu mume wako kaniambia. Nimepiga magoti kumshukuru Mungu mpaka yameuma. Jumamosi nakuja. Usibebe ndoo."

Nikausoma mara tatu. Sikulia. Nilikuwa nimesahau kulia kunaanzia wapi.

Jioni nikamkuta Fundi sebuleni, gauni limetundikwa mlangoni. La kijani, marinda yanaanzia chini ya kifua ili tumbo lipate nafasi.

— Jaribu!

— Fundi, kaa chini.

— Jaribu kwanza, nimeacha na ziada ya pindo.

— Sina mimba.

Akakaa. Uso wote ukamshuka.

— Imetoka? akaniuliza taratibu. Leo? Ulikuwa peke yako? Kwa nini hukunipigia?

Hapo ndipo shetani aliponifungulia mlango. Neno moja tu, "ndiyo", na angenikumbatia, tungelia, mambo yangeishia hapo. Nilikuwa nalo ulimini kabisa.

— Haikutoka. Haikuwepo. Nilikuwa nameza vidonge, tangu tulipompoteza mtoto. Miezi mitatu hii ndiyo nimeacha, na mwili bado unajitafuta. Hizo inchi ni za kuacha vidonge.

Hakupiga kelele. Alilitungua gauni, akaanza kulikunja. Fundi akikasirika hukunja vitu vizuri zaidi.

— Unajua nilikwenda hospitali?

— Lini?

— Mara mbili. Nikapewa kichupa, nikaingia nacho chooni, naona haya kama kijana. Wakaniambia niko sawa. Nikarudi tena, nikijua wamekosea, maana kila mwezi nakuona unaumwa tumbo na mimi ndiye sababu.

— Nisamehe.

— Ungeniambia unaogopa. Kwani mimi siogopi? Zile nguo saba nilishona mimi.

Akachukua shuka moja, akaenda kulala kibandani kwake, kwenye meza ya kukatia vitambaa.

Siku ya kwanza nikamwandikia: "Umekula?" Akajibu: "Nimekula." Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Mchana nasuka, jioni naangalia ukuta.

Jumamosi nikafagia nyumba, nikaketi kumsubiri mama mkwe. Badala yake ikaita simu.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu. Siji tena. Mume wako kanipigia. Kasema mimba hakuna, na kosa ni lake. Kasema alikosea kupima.

Nikaibana simu sikioni.

— Upo?

— Nipo, mama.

— Huyo nimemzaa mimi. Akiwa bado mwanafunzi wa ufundi aliwahi kufumua suruali ya watu mara nne kwa sababu ya robo inchi. Huyo wa kusema amekosea kupima? Labda kuna mtu anamfunika. Sikuulizi. Ya chumbani kwenu ni yenu. Ila mtu akikufunika, naye usimwache alale na baridi.

Nikaenda kibandani na kandambili zangu za ndani. Nilimkuta amemaliza kupima sketi ya mama mmoja wa mtaani, naye anatoka ananitazama kwa pembe ya jicho.

— Umemwambia mama umekosea kupima.

— Ndiyo.

— Na wateja nao wamesikia.

— Huyo aliyetoka kaniambia nimpime mara mbili, yeye mwenyewe asome.

Nusura nicheke.

— Kwa nini umejitia aibu hiyo?

— Kwa sababu niliyemkasirikia ni wewe, na hasira yangu ni yangu. Sitaki uonwe mwongo na watu ambao hawakumbeba yule mtoto.

— Utarudi nyumbani?

Akalitoa lile gauni la kijani kwenye rafu, akachukua wembe na kuanza kufumua marinda, uzi mmoja mmoja. Nikadhani ndoa ndiyo imekwisha. Kisha akaivua futi shingoni.

— Inua mikono. Usivute tumbo.

Akanipima upya, kila mahali, akaandika kwenye daftari lake.

— Hili nalishona kwa mwili ulio nao leo. Ukibadilika tena, nitalifumua tena. Kitambaa kipo. Ila ukiogopa, unaniambia.

— Nitakuambia.

— Kabla ya Kibiriti?

— Kabla ya Kibiriti.

Akakunja shuka lake, tukarudi wote.

Zikapita siku kumi na mbili. Nipo saluni, nusu ya kichwa cha mteja imeshasukwa, tumbo likaninyonga. Nikakimbilia chooni. Damu. Ya kwangu mwenyewe, isiyo na ratiba ya mtu. Maumivu yakashuka mpaka mapajani, na mara ya kwanza baada ya miaka mitatu nikausikia mwili wangu wote, unauma.

Kibiriti akagonga:

— Shoga, kuna nini humo?

— Subiri kwanza.

Nikaandika kwenye simu: "Siku zangu zimekuja. Tumbo linauma sana. Wewe ndiye wa kwanza kujua."

Akajibu: "Nakuja na maji ya moto."

Akaja mbio, futi inaning'inia shingoni, chupa kaifunga kwa kipande kilichobaki cha lile gauni la kijani. Akachuchumaa mbele ya kiti changu, wateja wote wanatutazama.

— Haina neno, mwezi…

Akajikatiza mwenyewe.

— Mwezi ujao tunataka, au bado?

— Bado naogopa, mume wangu.

— Na mimi pia. Basi tuogope wote.

Akaniwekea chupa tumboni, akaishikilia hapo kwa mikono miwili. Nikalia, tena kwa sauti, mteja wangu akiwa na nusu ya kichwa, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.