Kikombe cha Mkaguzi

Wazazi wenzangu, sogeeni karibu, maana hili halisemeki kwa sauti kubwa.

Asubuhi kwa muuza maziwa zilikuwa raha tupu. Wateja walijipanga kibarazani na sufuria zao, na kabla hajampimia mtu, mama huyo alijaza kikombe cha kwanza akampa binti yake wa miaka sita, watu waone maziwa ni salama. Mtoto alikunywa yote, akajifuta mdomo, akatangaza, "Yamepita." Watu hoi kwa kicheko. Ndiyo maana walimwita Mkaguzi.

Siku moja dumu la maziwa likapasuka. Mama akalikumbuka lile la buluu nyuma ya nyumba, ambalo mumewe, mpiga dawa mashambani, alikuja nalo likiwa tupu. Mume akamkanya kwamba lilikuwa la dawa ya wadudu, atalitoboa alitupe. Mama akangoja aondoke, akalisugua kwa mchanga, majivu na maji ya moto mara tatu. Akanusa, harufu hakuna. Nani angemfundisha usafi yeye, anayesifiwa mtaa mzima?

Kumbe dawa ilibaki ndani ya mshikio wa dumu, pale pasipofikika kwa mkono wala kitambaa.

Kesho yake Mkaguzi alionja, akakunja uso.

"Mama, leo machungu."

"Kunywa, mwanangu. Watu wanasubiri."

Akanywa, kwa kuwa aliambiwa na mama yake. Mteja wa kwanza hajapimiwa, mtoto akaanza kutokwa mate na kutetemeka. Mteja yuleyule akatupa sufuria, akambeba mbio hadi zahanati. Daktari alihangaika naye, wapi. Saa sita haijafika, mtoto alikuwa ameshaaga dunia.

Wateja wote walirudi makwao wazima. Baba hakumgombeza mkewe, alikaa naye sakafuni tu, na hilo lilimuuma mama kuliko matusi. Kila aliyekuja kumpa pole, mama alimjibu neno moja: "Aliniambia ni machungu."

FUNZO

Chombo kilichobeba dawa hakigeuki kuwa cha chakula, hata ukisugue mpaka vidole vitoke damu. Pua yako si kipimo, wala sifa zako za usafi. Kitoboe kisitumike tena. Chakula kiwekwe kwenye chombo cha chakula. Na mtoto akikwambia kitu ni kichungu, jamani, mwamini. Hao wanaosubiri, waache wasubiri.