Udi Katika Nyumba ya Eda

Chumba cha uani kilianza kunukia udi wiki ileile Sihaba alipoingia eda. Mjane wa Bagamoyo hajifukizi wala hajipaki manukato mpaka eda iishe, kwa hiyo waliokaa barazani walivuta pumzi, wakatazamana.

"Wifi," alinong'ona Bimdogo, dada wa marehemu, "unamfukizia nani?"

"Simfukizii mtu. Chetezo nimekifungia kabatini."

"Basi kabati lako lina mume."

Marehemu Kibwana alitumikia manowari za Mwingereza wakati wa vita. Alirudi na medali, mguu mbovu, na desturi ya kulala peke yake chumba cha uani kila Ijumaa. Sihaba aliambiwa ni mambo ya jeshi, akaamini. Hata mimi, niliyezunguka bandari nyingi na kudanganywa katika kila moja, ningeamini; mtu mwenye medali habishiwi.

Ijumaa moja alasiri, harufu ilipozidi, ukasikika na mlio wa vikuku. Akaitwa Mwalimu Mwinyimvua. Alisoma mlangoni, kisha akauliza, "Wewe nani?"

"Mke mkubwa," ikajibu sauti laini. "Alinioa baharini, kabla ya huyo."

"Mumeo amekufa. Kaa eda kama mwenzio, kisha uende zako."

Ndani pakachekwa. "Eda ya nani? Mimi mume wangu ninaye."

Mwalimu akatafuta viatu vyake. "Hili si jini la kutolewa," alisema kwa sauti ya chini. "Hii ni ndoa."

Hapo hofu ya Sihaba ikaisha, ukaingia wivu.

"Mguu ule nimeukanda mimi," alisema. "Usaha nimeufuta mimi. Leo wa kujifukiza awe yeye?"

Akafungua kabati.

"Wifi, utavunja eda."

"Nikae eda ya nani, kama mume wangu hajafa?"

Akawasha chetezo, akajifukiza, akavua nguo nyeupe za mjane, akajifunga kanga mpya aliyonunuliwa na Kibwana sikukuu iliyopita, akapita uani huku Bimdogo akimvuta na kusoma kila aya aliyoikumbuka na nyingine nusunusu, akafika mlangoni, akabisha, na vikuku vikanyamaza, na kitanda kikalia kama kinavyolia mtu mzito anapogeuka, na kikohozi alichokijua kuliko sauti ya mama yake kikasikika.

"Sihaba," akasema Kibwana kwa upole, "rudi chumbani. Leo si zamu yako."