Beji Iliyopigwa na Jua

Walikutana kwenye lango la forodha, Busia, asubuhi ambayo askari walikuwa wakimwaga vikapu vya akina mama barabarani kutafuta sukari ya magendo. Kevina, aliyekuwa akitoka Kenya, alivaa gauni jeusi la msiba, na kifuani alikuwa na beji ya plastiki ndogo kama kiberiti. Askari mmoja aliing'ang'ania akidai ni kamera. Ndipo Nasifu, dereva wa lori la pamba, kofia ya kufuma kichwani na mdomo usiokosa neno, akajipenyeza katikati.

"Huyu bibi yangu, afande. Amefiwa, kichwa yake haijatulia."

Wakaachiwa. Walipofika mbali, Kevina alimwuliza kwa ukali nani alimwambia kichwa chake hakijatulia.

"Hilo ndilo limekuudhi?" Nasifu akacheka. "La ubibi umekubali?"

Kevina alitabasamu, mara ya kwanza tangu simu ya upepo ya kifo cha mama yake imkute maabara, Nairobi. Alikimbia hata beji akasahau kuivua. Huko chuo kikuu alisomea uhandisi wa nyuklia, ule wa tiba na viumbe: namna mionzi inavyoweza kufichua ugonjwa mwilini na kuuchoma. Mama yake aliuawa na uvimbe wa shingo, ugonjwa uleule bintiye aliokuwa akijifunza kuuwinda. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe.

Alimzika mama yake huko Masaba, na kabla matanga hayajaisha mpaka wa Kenya ukafungwa. Mtihani wake ulikuwa mwisho wa mwezi uliofuata, na asiyeufanya alipoteza nafasi. Tena nani angemweleza askari kwamba nyuklia yake si ya bomu? Akajificha Tororo kwa shangazi yake Mable, kwenye chumba nyuma ya duka, dirisha likitazama ukuta. Nyumba zilikuwa zikipekuliwa, hivyo beji alimpa Nasifu, aliyemfikisha huko, amfichie ndani ya lori. Alimweleza kwamba ndani yake mna filamu, na kwamba kadiri inavyokuwa nyeusi ndivyo mionzi ilivyozidi kumpata mvaaji.

Nasifu alikuja kila alipoleta pamba, shati limepigwa pasi, mfukoni karanga za kukaanga. Mapenzi yaliwakolea humo humo, kwa kunong'ona. Akaahidi kumvusha njia ya kwenye mto. Kwa kuwa simu zilisikilizwa, walikubaliana kwamba askari wakiwa njiani atasema mvua inanyesha.

"Mvua bado inanyesha, mpenzi," Nasifu alisema simuni juma la kwanza. Na la pili. La tatu Kevina alilia huku amejiziba mdomo kwa kanga.

Siku hiyo hiyo Akongo, muuza samaki, alimletea shangazi dagaa. Kevina akamwuliza habari za njia ya mto.

"Ile ya Buhehe? Sisi napita kila asubuhi. Hakuna askari, mwezi mzima."

Nasifu alipokuja, Kevina hakumkaribisha kiti. Alimwuliza kwa nini alimdanganya, kama amepata mwingine au anataka tu kumweka kama kuku tunduni. Nasifu hakuleta mzaha. Alitoa beji mfukoni. Karatasi iliyofunika filamu ndani yake ilikuwa imechanwa.

"Nilitaka kujua kama uko salama huko chuoni," alisema. "Nikafungua, nikaiweka hapo mbele ya usukani nipate kuiona vizuri. Mpaka namaliza kushusha pamba, imekuwa nyeusi. Wanakuua huko, Kevina. Heri unichukie ukiwa hai."

Kevina aliitazama filamu, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki yenyewe. Alimweleza kwamba filamu yoyote ikianikwa juani huungua ikawa nyeusi, na kwamba hii haisemi lolote mpaka ioshwe gizani na wenye kujua. Nasifu akakaa sakafuni.

"Kumbe aliyekufungia ni mimi."

"Wewe na wao. Lakini wao sikuwapenda."

Alikasirika siku mbili. Ya tatu alivaa gomesi la Akongo, gauni refu lililonuka samaki, kikapu kichwani, wakateremka hadi mtoni na akina mama wengine. Maji yalifika magotini. Kevina alimshika Nasifu mkono, akamwambia wavuke wote. Nasifu alitikisa kichwa. Lori liliandikwa kwa jina lake, na akitoweka askari wangemchukua mama yake. Wote wawili walijua hivyo kabla ya kutoka Tororo.

"Nipe beji yangu," Kevina akasema.

"Si imeharibika?"

"Ni mali ya chuo, lazima niirudishe. Wataniuliza nani aliyeifungua."

"Utawaambia nani?"

Kevina aliifunga kwenye pindo la gomesi, akakaza fundo.

"Mume wangu."

Akaingia majini. Nasifu alisimama hadi kikapu kilipopotea kwenye matete ya upande wa Kenya. Kisha akapanda mwinuko na kurudi kwenye lori, kwa kuwa saa nne alitakiwa kuonekana langoni.