Kande za Watu Mia na Themanini

Kijijini kwetu, karibu na Nyololo, kila nyumba ina kikombe chake cha kupimia. Cha Damari ni cha plastiki, cha kijani, na mkono wake umekatika. Asubuhi anapimia unga wa uji. Jioni anapimia mahindi na maharage ya kande, ambazo huzitia karanga za kusaga. Mimi nikialikwa kula kande kwa Damari, sisubiri kuitwa mara ya pili.

Siku moja alikuwa uani akipepeta mahindi. Mume wake, Shedrack, alirudi kutoka kikao cha kanisa akiwa anacheka.

"Mama Blessing, wamekuchagua."

"Wamenichagua nini?"

"Mpishi mkuu wa sikukuu ya mavuno. Kande za mwaka huu ni zako."

Damari aliweka ungo chini. "Mimi? Wamesahau ya mwaka jana?"

Hakuna aliyesahau. Mwaka jana mpishi mkuu alikuwa Lea, dada yake Shedrack. Chakula kiliisha huku watu wengine wakiwa bado wameshika sahani tupu. Maneno yakaanza. Ikasemwa kwamba Lea alipeleka mahindi ya kanisa nyumbani kwake. Hakuna aliyeona, lakini wengi walisema. Lea alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Tangu siku ile aliacha kwaya, akaacha na umoja wa wanawake. Akija ibadani, anakaa mlangoni na kuondoka kabla ya watu kusalimiana. Jambo hilo lilimuuma sana Damari.

"Kikipungua tena," alisema, "watasema ukoo wetu wote ni wezi."

"Pika kama unavyopika hapa," alisema Shedrack. "Ongeza tu."

"Niongeze kiasi gani?"

Shedrack alijikuna kichwa. Kisha akakumbuka kwamba ng'ombe hajapewa majani, akaondoka haraka.

Nyumba ya jirani alipanga Mwalimu Ikupa, mwenyeji wa Tukuyu. Alifundisha hesabu shule ya sekondari. Damari alichukua kikombe chake, akaenda kubisha hodi.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, mama. Karibu ndani."

"Mwalimu, nina shida. Shuleni kujumlisha na kuzidisha niliweza. Mafumbo ndiyo yalinishinda. Nikiona maneno mengi na namba katikati, kichwa kinafunga."

Ikupa alicheka. "Fumbo la hesabu ni umbea wenye namba, mama. Umbea unaujua?"

"Nani asiyeujua?"

"Ukiletewa umbea unauliza maswali, si ndiyo? Fumbo nalo liulize. Tunajua nini? Tunatafuta nini? Ukipata jibu, uliza tena: hili jibu linaingia akilini? Haya, niletee umbea wako."

Damari alianza kusimulia. Walioalikwa walikuwa mia moja na hamsini.

"Na wasioalikwa?" aliuliza Ikupa.

"Hao hawakosi. Kila watu mia moja huja na wengine ishirini."

"Hiyo ndiyo asilimia ishirini. Mia moja wanaleta ishirini. Hamsini je?"

"Nusu yake, kumi. Jumla ni thelathini." Damari alifikiri kidogo. "Basi watakuwa mia moja na themanini. Hata mwaka jana walikuwa idadi hiyo."

"Umeshapiga asilimia, mama, na kichwa hakijafunga. Nyumbani mnakula wangapi?"

"Sita. Napika vikombe vitatu vya mahindi, na kimoja na nusu cha maharage. Mama mkwe alitufundisha hivyo, mimi na wifi Lea."

"Maharage ni nusu ya mahindi. Huo ni uwiano wa mbili kwa moja. Usiuvunje hata ukipikia mkoa mzima. Sasa, watu mia moja na themanini ni familia ngapi za watu sita?"

"Kumi na nane kwa sita ni tatu. Kwa hiyo mia na themanini kwa sita ni thelathini."

"Basi zidisha kila kitu mara thelathini."

Walipata vikombe tisini vya mahindi na arobaini na tano vya maharage. Lakini stoo ya kanisa haipimi kwa kikombe. Inapima kwa debe la lita ishirini, na juu linafutwa kwa ubao. Ikupa aligeuza kikombe cha Damari akasoma chini yake: mililita 250.

"Robo lita," alisema. "Vikombe vinne ni lita moja. Tisini gawanya kwa nne ni ishirini na mbili na nusu. Unahitaji debe moja la mahindi, na lita mbili na nusu juu yake."

Mwalimu aliweka kalamu chini kwa furaha. Damari hakufurahi hata kidogo.

"Mwalimu, kamati ya mwaka jana ilipiga hesabu hiyo hiyo. Wifi alipewa debe moja na lita mbili na nusu. Na chakula kiliisha."

Ikupa aliirudia hesabu yake. Kuzidisha kulikuwa sawa. Kugawanya kulikuwa sawa.

"Basi jibu hili haliingii akilini," alisema. "Kuna swali sijauliza. Twende jikoni kwako. Pima mahindi kama unavyopima kila siku."

Alichukua jagi lake lenye mistari ya lita, wakaenda. Damari alichota mahindi. Kikombe kilijaa. Akakitikisa. Akaongeza kwa kiganja, mahindi yakapanda juu ya mdomo wa kikombe kama kichuguu.

"Mbona unaongeza tena?" aliuliza Ikupa.

"Kikombe lazima kijae, mwalimu. Huku kwetu ukipimia mtu kikombe cha kufuta juu, anakwenda kusema wewe ni mchoyo."

Ikupa alimimina kikombe hicho kwenye jagi. Kisha cha pili. Kisha cha tatu. Mahindi yakafika kwenye mstari wa lita moja.

"Vikombe vitatu," alisema polepole. "Siyo vinne. Nilisoma maandishi ya kikombe, nikasahau kumwangalia anayepima. Kikombe chako ni theluthi ya lita."

"Kwa hiyo tisini gawanya kwa tatu," alisema Damari. "Lita thelathini. Debe moja na nusu."

"Na maharage nusu yake, lita kumi na tano."

Lakini Damari alikuwa bado analitazama jagi. "Ngoja, mwalimu. Zilihitajika lita thelathini. Wifi akapewa ishirini na mbili na nusu."

"Robo tatu tu. Kwa hiyo robo tatu ya watu walikula, na robo moja walikosa."

"Nusu ya mia na themanini ni tisini. Robo ni arobaini na tano." Damari alikaa kwenye kigoda. "Waliokosa walikuwa mabenchi tisa. Benchi letu linakaa watu watano. Tisa mara tano..." Machozi yalimtoka. "Hakuna hata punje iliyoibwa."

Jumapili hiyo, baada ya ibada, Damari aliwaomba akina mama wabaki. Lea naye alibaki, kwa sababu wifi yake alimshika mkono akakataa kuuachia. Damari aliweka jagi mezani. Hakupima yeye. Alimpa kikombe Sabina, aliyekuwa ametangulia kusema kwamba Lea ni mwizi. Sabina alipima kama mama yeyote wa huku: alijaza, akatikisa, akaongeza kwa kiganja. Vikombe vitatu vikajaza lita moja. Damari akaeleza hesabu yote, hadi mabenchi tisa.

Sabina alikirudisha kikombe mezani.

"Lea, nilikusema vibaya," alisema. "Na mimi ndiye niliyezungusha maneno. Nisamehe."

Lea alilia, Sabina akalia, na baada ya muda kidogo wote walikuwa wanacheka, maana Sabina akilia hutoa sauti ya ajabu.

Sikukuu ikafika. Usiku uliotangulia walikuwa wameloweka lita arobaini na tano, mahindi na maharage pamoja. Damari alijua kwamba kande zikiiva huwa kama mara mbili, yaani lita tisini. Akaazima masufuria mawili ya lita sitini na kujaza kila moja robo tatu, ili zisimwagike. Kula kulikuwa saa saba mchana, na kande huchukua saa nne jikoni. Basi saa tatu asubuhi Shedrack aliwasha moto, akajisifu siku nzima kwamba kazi yote kafanya yeye.

Watu walikula wakashiba. Watoto waligombania ukoko. Mwalimu Ikupa alirudia mara mbili, akasema anakagua jibu.

Mwishoni mchungaji alisimama, akauliza nani atakuwa mpishi mkuu mwakani. Sabina alinyoosha mkono kabla ya mtu mwingine.

"Lea," alisema.

Uwanja wote ulipiga makofi. Lea aliinuka katikati ya wanakwaya, akangoja kelele zitulie.

"Nakubali," alisema. "Ila stoo siendi peke yangu. Tutapima wote, tutahesabu wote, na atakayeshindwa hesabu atakata vitunguu."