Moshi Mweusi wa Pampu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia mama yake kumwagilia miche ya nyanya. Jina hilo la utani alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Yeye alishika mpira wa maji, mama akavuta kamba ya pampu, na maji yakapanda kutoka kisimani hadi kwenye vitalu.

Jumatatu moja injini ilinguruma kidogo, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima.

Mama alifungua plagi, kile kidude kidogo kinachotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini. Ncha yake ilikuwa nyeusi tititi. Akaisugua kwa msasa, akairudisha. Injini ikawaka. Hawajamaliza kufurahi, ikazima tena, na plagi ilikuwa nyeusi vilevile.

"Mbona tumeisafisha sasa hivi?" Chiriku aliuliza.

"Hata mimi sielewi, mwanangu." Mama alinusa dumu. "Labda petroli ya Bi Dumu ina mafuta ya taa."

Bi Dumu alikuwa jirani yao, akiuza petroli kwenye chupa kando ya barabara. Mama alisema "labda", lakini Chiriku neno hilo alilidondosha njiani.

"Petroli ya Bi Dumu imechakachuliwa!" aliwatangazia wenzake shuleni. "Imeua pampu yetu!"

Wenzake wakazipeleka habari nyumbani. Kesho yake waendesha pikipiki waliipita meza ya Bi Dumu bila kusimama.

Miche nayo ilianza kuinama. Mama alinunua plagi mpya, ikageuka nyeusi. Akanunua petroli kwenye kituo cha mafuta, moshi ukawa uleule. Chiriku alianza kujiuliza. Kama petroli hii ni safi, mbona plagi inachafuka? Na kama tatizo si petroli, yeye shuleni alisema nini?

Jioni alikuja shangazi yake, fundi wa pikipiki. Hakukimbilia spana. Alimpa Chiriku ile plagi.

"Pitisha kidole. Unaona nini?"

"Masizi, shangazi. Makavu, kama ya chini ya sufuria."

"Yangekuwa na utelezi wa mafuta, ningesema oili inavuja ndani. Masizi makavu yanasema petroli imezidi hewa, kwa hiyo haiungui yote. Sasa, petroli imeongezeka au hewa imepungua?"

Chiriku alikuna kichwa. Alitaka jibu moja, amepewa maswali mawili!

Shangazi aligusa kijiti kando ya injini. "Hii ni choki. Huziba hewa wakati wa kuwasha injini ya baridi. Iko wazi, kwa hiyo haina kosa. Wifi, pampu imekaa hapa siku zote?"

"Hapana," mama alijibu. "Wiki iliyopita tuliisogeza hapa ukutani ipate kivuli."

Nyuma ya ukuta, msumeno wa seremala ulikuwa ukilia. Chiriku aliinua macho. Vumbi la mbao lilikuwa likishuka taratibu, likitua kwenye majani, kwenye pampu, hata kwenye nywele za mama.

"Shangazi, injini inavuta hewa kupitia wapi?"

"Ehee! Hapo umeuliza." Shangazi alifungua kifuniko kimoja. Ndani mlikuwa na sponji ya kuchuja hewa, imeshiba vumbi la mbao mpaka imekuwa ngumu kama tofali, hewa haipiti.

Walisafisha plagi, wakawasha injini bila sponji. Ikanguruma vizuri, moshi mweusi haukuonekana. Shangazi akaizima upesi. "Hiyo ni kupima tu. Bila sponji, vumbi litaila injini."

Wakaiosha sponji kwa sabuni, wakaikausha, wakaipaka oili kidogo, kisha wakaihamisha pampu mbali na ukuta. Safari hii maji yalitoka bila kukatika. Mama alipiga vigelegele. Chiriku alitazama upande wa meza ya Bi Dumu.

"Chiriku kanyamaza?" shangazi alishangaa. "Kuna jambo."

Chiriku akaeleza yote, machozi yakimtoka. Mama alivua kanga ya mabegani, akamfuta uso. "Na mimi ndiye niliyeanza. Twende."

Bi Dumu aliwasikiliza akiwa ameketi mbele ya chupa zake zilizojaa.

"Kumbe!" alisema polepole. "Nimekuwa nikijiuliza watu nimewakosea nini."

"Nisamehe, Bi."

"Nimekusamehe. Lakini mimi siwezi kuingia darasani kwenu kujitetea."

"Nitasema mimi."

Asubuhi, kwa ruhusa ya mwalimu, Chiriku alisimama mbele ya darasa. Aliwaambia kwamba petroli haikuwa na kosa lolote, ila yeye alisema jambo asilolijua. Wengine walicheka. Msichana mmoja, ambaye baba yake alikuwa na pikipiki, alitaka kujua masizi makavu yakoje, na Chiriku akamweleza vizuri.

Jioni, akiwa na mama kwenye vitalu, aliona pikipiki ikisimama kwa Bi Dumu, halafu nyingine. Bi Dumu akainuka kuchukua chupa.

"Mwanangu," mama alisema, "kutoelewa si kosa. Hata mimi nilikuwa sielewi. Kosa letu ni kwamba tulichoka kutafuta, tukamtwika mtu lawama. Siku nyingine ukikwama, endelea kuuliza, na mpaka upate uhakika, jina la mtu usilitaje."