Jina la Maji

Jioni ile mvua ilikuwa ndiyo kwanza imekatika Addis Ababa, na mimi nazunguka nyuma ya posta kutafuta dola, mfuko wa birr, pesa yetu ya Ethiopia, nimeufunga tumboni chini ya shali kama mja mzito, maana ndege yetu ya India ilikuwa kesho kutwa alfajiri na hospitali ya huko ilishasema, dola elfu nne mkononi siku ya kuingia, bila hizo mtoto hapasuliwi.

Mtoto ni Soliyana. Miaka minne. Moyo wake una tundu. Akipanda ngazi tatu tu midomo inageuka rangi ya wino.

Benki walitazama viza, wakatazama tiketi, wakanipa dola mia mbili na kuniambia nyingine nije mwezi ujao. Mtaani dola ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya benki. Birr nilizokuwa nazo ni za bajaji ya mume wangu Getnet, aliyoiuza, pamoja na mchango wa majirani. Kwa bei ya mtaani zingenipa nusu. Sasa daktari ashone nusu ya moyo?

Dalali mmoja akanipita karibu. "Dada, dola," alinong'ona, midomo haichezi. Nikamtajia bei niliyoiweza.

"Kwa bei hiyo hata picha yake sikuonyeshi."

"Mwanangu anaumwa, kaka."

"Kila anayepita hapa mwanawe anaumwa. Wengine hata hawajaoa." Akacheka. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. "Wewe kweli. Haya, lile duka la misalaba pale kona. Muulize Itete Tsedale. Yeye huuza kwa bei ya benki."

"Mbona wewe hununui kwake ukauza?"

"Mimi sina mtoto," akasema, akaondoka.

Nilipaswa kuliona neno hilo. Sikuliona. Nilikuwa nahesabu saa.

Umeme ulikuwa umekatika. Dukani mshumaa mmoja, misalaba ya shaba imening'inia, na harufu ya ubani. Chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine... maziwa yaliyochacha, kama shingo ya mtoto mchanga ambaye hajaogeshwa.

Itete, kama tunavyowaita wanawake wa makamo kwa heshima, Tsedale alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, kucha fupi, mikono safi kama ya muuguzi. Hakuuliza maswali. Alipokea birr, akatoa dola, noti mpya zilizonyooka kana kwamba zimepigwa pasi, akazipanga mezani.

Nyuma ya pazia mtu alikuwa anapumua.

Fyuu... kimya. Fyuu... kimya.

Pumzi ya Soliyana. Ileile. Nikajiambia ni masikio yangu, nimelala na mlio ule miaka minne.

"Mtoto umemwachia nani?"

"Baba yake, Itete."

"Anaitwaje?"

"Soliyana."

"Hilo la kuitia majirani. Nakuuliza jina la maji."

Jina la maji ni lile padri analomtamkia mtoto anapombatiza, wa kike siku ya themanini. Baada ya hapo halitamkwi ovyo. Mama yangu alikuwa akisema mchawi asiyelijua ni mwizi asiye na ufunguo, na mimi niliyefika darasa la kumi na mbili nilikuwa namcheka.

"La nini, Itete?"

"Nimwombee. Dola za bei hii ni za watoto wanaoombewa." Akazisogeza noti kidogo kuja kwangu. Kidole akakiacha juu yake.

Nikalitaja.

Nyuma ya pazia pumzi ikakatika. Kisha kitu kikacheka, taratibu, kama mtoto anayetekenywa.

Nilichukua dola nikatoka, na njia nzima sikugeuka nyuma.

Getnet alizihesabu mara mbili, akazibusu. Hakuniuliza nimezipata wapi, wala mimi sikumwambia. Soliyana alikuwa amelala. Mara akaketi kitandani, akautazama mlango uliofungwa.

"Abee," akaitika.

Hakuna aliyemwita.

"Nani kakuita, mwanangu?"

"Mama."

"Mama si mimi hapa?"

"Yule mwingine. Ananiita..." Akalitaja. Lile jina, herufi kwa herufi, mtoto ambaye hajalisikia tangu alipokuwa wa kubebwa kwa kitambaa.

"Anasemaje?" Getnet akauliza kutoka upande wa pili.

"Anaota," nikasema.

Hadi kunakucha aliitika mara tisa. Kila akiitika, sauti inatoka mbali zaidi, kama anatembea. Asubuhi nikamwita Soliyana, Soliyana... hakugeuza hata shingo. Kucha zake zilikuwa nyeusi.

Nikachukua dola zote nikarudi kwa Itete Tsedale. Alikuwa anafagia mlangoni.

"Chukua pesa zako. Nipe jina la mwanangu."

"Halafu umpeleke India na nini?" aliuliza, hana haraka. "Sirudishi, mwanangu. Ila nabadilisha. Si ndiyo kazi yangu?"

"Chukua langu basi."

Akanikagua uso kama anayekagua noti kwenye mwanga. "Lako limechakaa. Noti kuukuu huwa nachukua mbili kwa moja. Lako, na la mwingine."

"La nani?"

"Wewe umeolewa kanisani, au sivyo?"

Ndiyo. Padri alimwita Getnet kwa jina lake la maji mbele ya madhabahu, nami nikiwa ubavuni, nimemshika mkono. Ningeweza kusema ngoja nikafikiri kwanza. Ningeweza kukimbilia kwa padri. Lakini nilimwacha mtoto anahema kama samaki kwenye beseni, na ndege ilikuwa kesho.

Nikayataja yote mawili. Langu kwanza.

Ndani, nyuma ya pazia, pumzi ikaanza upya. Fyuu... kimya.

"Yule ni mtoto wa nani, Itete?"

"Wa mtu aliyerudi kwangu kama wewe," akasema, akaendelea kufagia. "Yeye mume hakuwa naye."

Nilifika nyumbani nikamkuta Soliyana ameketi anaomba chai.

Leo, hapa India, ni siku ya kumi na moja tangu apasuliwe. Midomo yake ni myekundu. Anakimbia koridoni na bomba la dripu linaburutwa nyuma, manesi wanamfukuza, yeye anawacheka. Daktari ananishika bega ananiambia nilie tu, nimekuwa jasiri mno. Sina cha kulia. Juzi nilijichoma kiganja kwa pini ya nywele, nikaiona damu inatoka, nikaifuta. Nikiona watu wanacheka nami nacheka, ili wasiulize. Hata hofu ninayoiandika hapa naikumbuka tu, kama mtu anavyokumbuka chakula alichokila zamani.

Jana usiku Getnet, aliyebaki Addis Ababa, akapiga simu.

"Fikirte, kuna jambo la kijinga. Usinicheke."

"Sema."

"Giza likianza kuingia naitwa huko nje. Sauti ya marehemu mama. Ananiita kwa jina la maji."

"Umeitika?"

Nikasikia mvumo kwenye simu, nikadhani ni upepo.

"Leo nimeitika," akasema. "Nikajikuta niko barabarani bila viatu, naelekea posta."

Ule haukuwa upepo. Alikuwa yeye anahema. Fyuu... kimya. Mwanaume aliyekuwa anabeba magunia bila kuhema.

"Jina lile alilijua mama, na mama amekufa," akasema. "Nawe unalijua." Akavuta pumzi. Ilimchukua muda. "Mke wangu, kuna mtu ulimwambia?"

Soliyana alikuwa amelala mapajani pangu. Niliweka kiganja kifuani pake. Moyo ulikuwa unapiga vizuri, sawasawa, kama saa mpya.

"Hapana," nikasema, na sauti yangu haikutetemeka.